Acheni kona moja bila kufagiwa

Shule nyingi za msingi za Dar es Salaam huanza siku kwa ufagio. Kabla ya kengele ya mstarini wanafunzi wameshagawana maeneo, chelewa zinapita juu ya udongo, majani ya mwarobaini yanakusanywa na kwenda kuchomwa. Uwanja unapendeza. Mgeni akifika anasifu. Kisha saa nne mwalimu wa Sayansi anaingia darasani na mada ya viumbe hai, na inabidi amchore nyungunyungu ubaoni, kwa sababu uwanja mzima hauna nyungunyungu hata mmoja.

Hakuna muujiza hapo. Majani makavu ndiyo chakula cha mchwa, jongoo na nyungunyungu, na ndiyo kivuli cha udongo. Yakiondolewa kila siku, ardhi inabaki wazi kwa jua la mchana na kwa matone ya mvua, huku miguu elfu moja ikiikanyaga tangu asubuhi hadi jioni. Udongo unashikana, maji hayaingii, mizizi haipiti. Wadudu hawana pa kukaa, na ndege wanaokula wadudu hawana la kufuata. Kwa hiyo tunapolalamika kwamba watoto wa mjini hawajui mazingira, tuanze kwa kukubali kwamba tumewapa uwanja ambao mazingira yamefagiliwa nje.

Ziara ya msitu wa Pugu au hifadhi ya Mikumi ni jambo jema, ila inataka basi, mchango wa wazazi na kibali, na mtoto akibahatika ataenda mara moja katika miaka yake yote ya shule ya msingi. Kampeni ya kupanda miti nayo ina picha nzuri siku ya kwanza, halafu miche inakufa Agosti kwa kukosa wa kuimwagilia. Anachohitaji mtoto ni mahali pamoja anapoweza kuparudia kila wiki, hatua chache kutoka mlango wa darasa, aone leo kuna nini na wiki iliyopita kulikuwa na nini. Mahali hapo pa kuanzia hapana gharama yoyote: acheni kona moja bila kufagiwa.

Naiita kona, lakini umbo linalofaa zaidi kwa darasa kubwa ni ukanda mrefu mwembamba, upana wa mita 2 na urefu wa mita 12. Upana huo una sababu. Mtoto akichuchumaa ukingoni anafikia katikati kwa mkono bila kuingia ndani, na watoto wanaweza kukaa pande zote mbili. Eneo la mraba la ukubwa uleule litakanyagwa katikati ndani ya wiki moja. Ukanda uwe angalau mita 10 kutoka madarasani na vyooni, usiwe juu ya shimo la maji taka wala kwenye mkondo wa maji ya mvua, upate kivuli nusu ya siku, na uonekane kutoka ofisi ya walimu. Uzungushieni mawe yaliyopakwa chokaa. Angalieni pia uzio ulio karibu: kama ni wa mnyaa, tafuteni upande mwingine, maana utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni hatari ya kweli. Mbarika na mbono navyo ving'olewe kabisa, kwa sababu mbegu zake ni sumu na zinavutia kuchezewa.

Wakati mzuri wa kuanza ni Februari, kabla ya masika, au mwanzoni mwa Oktoba kabla ya vuli. Legezeni udongo mara moja tu kwa jembe la uma, kina cha shubiri, kisha jembe lisirudi tena. Majani yanayofagiliwa kwingine yamwagwe hapo, unene wa sentimita 5. Msizidishe 10, maana lundo nene linavuta panya na mende. Wekeni gogo moja, la mwembe au la mnazi, na vipande vinne vya matofali au vigae bapa. Takataka zinaendelea kuokotwa kama kawaida: chupa, wembe, sindano, mifuko. Kutofagia kusigeuke kuwa jalala, na vitu vyenye ncha aviokote mtu mzima. Nyasi zikipita shubiri zifyekwe kwa mkasi au panga na mtu mzima, mara moja kwa mwezi, ili kisijifiche chochote kisichotakiwa.

Pingamizi zitakuja, na zina haki ya kujibiwa. Mwalimu mkuu atauliza habari za nyoka. Nyasi fupi, umbali kutoka madarasani na kutokuwepo kwa panya ndiyo majibu, na ndiyo maana lundo la majani lina kipimo. Ataulizia mbu. Mbu hawazaliani kwenye majani makavu, wanataka maji yaliyotuama, na hayo mara nyingi yako kwenye tairi nyuma ya stoo na kwenye mfereji wa paa ulioziba. Atawawazia wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, watakaoona majani. Hapo dawa ni ubao wenye maandishi makubwa: ENEO LA KUJIFUNZIA SAYANSI, HALIFAGIWI. Bila ubao huo, mwalimu wa zamu asiye na habari ataagiza eneo lisafishwe, na asubuhi moja ya juhudi inafuta kazi ya miezi mitatu. Kwa shule zenye zamu mbili, viranja wa mchana waelezwe sawasawa na wa asubuhi. Hapa ndipo mambo huharibika mara nyingi kuliko kwingine kote.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kulipita. Katika shule zetu kung'oa majani, kufyeka na kumwagilia bado ni adhabu. Aliyechelewa anapewa eneo la kung'oa, aliyepiga kelele anapewa ndoo. Mtoto aliyelelewa hivyo miaka saba ameshafundishwa kwa vitendo kwamba majani ni fedheha na udongo ni mateso, na somo hilo halifutwi na wimbo wa mazingira. Sera ya Mwalimu Nyerere ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka kazi ya mikono iwe sehemu ya heshima ya kusoma, na bustani ya shule ilikuwa moja ya njia zake. Shule ikianzisha eneo hili, sharti la kwanza liandikwe na kamati ya shule: hakuna mtoto atakayepelekwa pale kwa adhabu. Hakuna.

Sasa darasa lenyewe. Tuseme wanafunzi ni 80, mwalimu ni mmoja, kipindi ni dakika 40. Ukiwatoa wote kwenda kuangalia ukanda, walio nyuma hawaoni kitu, na wasioona kitu watatafuta mchezo mwingine. Wagawe nusu kwa nusu. Arobaini wanakaa kwenye ukanda, makundi kumi ya watoto wanne, matano kila upande. Kila kundi lina kamba ya mita 4 iliyofungwa fundo kila baada ya mita moja. Ikilazwa chini kwa pembe nne inatoa mraba wa mita moja, na kundi linabaki na mraba huohuo mwaka mzima. Nusu nyingine wanafanya kazi ya pili palepale unapowaona, kwa mfano kwenye mti au kwenye fimbo ya kivuli nitakayoieleza. Filimbi ikilia wanabadilishana.

Dakika 5 za mwanzo ni ndani ya darasa, na ndipo swali linatolewa. Ukisubiri mpaka nje hawakusikii tena. Kisha zamu mbili za dakika 12, dakika 6 za mazungumzo kivulini, na dakika 5 za kunawa. Hesabu ya kunawa ipigwe mapema: bomba moja kwa watoto 80, sekunde 20 kila mmoja, ni karibu dakika 27, na hapo kipindi cha Hisabati kimeliwa. Vibuyu chirizi vitano, kila kimoja dumu la lita 5 na sabuni iliyofungwa kwa kamba, vinamaliza kazi hiyo kwa dakika 5 na kidogo. Msiruke kunawa, hasa wakati wa masika konokono wakubwa wanapotoka. Konokono hao ni wa Afrika Mashariki kwa asili, ni wapole na watoto wanawapenda, lakini ute wao unaweza kubeba vimelea vinavyodhuru mtu vikiingia mdomoni.

Swali liwe moja. "Angalieni mazingira" si swali. Haya ni maswali: Nani anatembea juu ya jani na nani chini yake? Chungu hawa wanabeba nini, na wanakwenda upande gani? Jani gani limeliwa ukingoni na lipi limetobolewa katikati? Katika kundi mmoja anaangalia, mmoja anahesabu, mmoja anachora, mmoja anaandika, na wiki ijayo wanabadilishana. Jina la mdudu lije mwisho. Mwalimu akitangulia kutaja jina, macho yanafungwa papo hapo: mtoto ameandika "jongoo" na anaona amemaliza.

Na jongoo ni mfano mzuri wa faida ya kuangalia. Chini ya kigae kilekile hukaa jongoo na tandu, na mtoto wa mjini huwakimbia wote wawili au huwashika wote wawili. Jongoo ni wa mviringo kama bomba, anatembea taratibu, akiguswa anajikunja, na sehemu nyingi za mwili wake zina jozi mbili za miguu kila moja. Tandu ni bapa, ana mbio, miguu yake imetanuka pembeni jozi moja kwa kila pingili, na anauma kwa sumu. Jongoo anakula majani yaliyooza, tandu anawinda. Mtoto aliyehesabu miguu mwenyewe hasahau, na ujuzi huo unamlinda hata nyumbani. Jongoo naye asikamatwe ovyo, kwani anatoa majimaji yanayotia doa na kuwasha macho.

Kigae kinafunuliwa hivi: simama upande mmoja, inua ukingo ulio mbali nawe ukiuvuta kuelekea kwako, kwa kijiti au kwa koleo, ili kigae kibaki kati yako na kilichomo, na kinachokimbia kikimbilie upande wa pili. Hakuna mtoto upande huo. Anafunua mwalimu. Mkishaangalia, kirudishwe kama kilivyokuwa, maana unyevu wa chini yake ukipotea wakazi wake wanahama. Kufunua mara moja kwa wiki kunatosha.

Kama shule ina mwembe, tafuteni viota vya majimoto, wale chungu wekundu wakali wanaoshona majani mabichi pamoja. Uzi wanaoshonea unatoka kwa lava wao, yaani mtoto wa mdudu aliyetoka kwenye yai: chungu mkubwa humbeba lava mdomoni na kumpitisha ukingo hadi ukingo. Zoezi ni rahisi. Bandikeni dagaa mmoja mkavu shinani kwa ugali kidogo, watoto wasimame mita 2 kutoka hapo, na kila dakika kwa dakika 10 wahesabu chungu waliomzunguka. Chora grafu. Wiki nyingine wekeni tone la sukari mahali pa dagaa, linganisheni. Halafu waelezwe kwamba utafiti uliofanywa Zanzibar miaka ya 1950 ulionyesha majimoto hao wanalinda minazi dhidi ya kunguni wanaoharibu nazi changa. Wasichome viota vyao.

Mbu wanastahili kipindi chao, kwa sababu Dar es Salaam imepata milipuko ya dengue mwaka 2010, 2014 na 2019, na kila mtoto anaujua ugonjwa wa malaria. Tafuteni kopo au tairi lenye viluwiluwi. Choteni maji yake yaleyale, maana ya bomba yana dawa, mtie kwenye chupa angavu ya lita moja iliyokatwa shingo. Juu funikeni kipande cha chandarua kisicho na tundu, kifungwe kwa mpira. Watoto waangalie lava wanavyopumua. Wa mbu wa dengue huning'inia kichwa chini, mrija wa kupumulia ukigusa uso wa maji. Wa mbu wa malaria hana mrija huo, hulala sambamba na uso wa maji. Baada ya siku chache wataona pupa, hatua ya mwisho kabla ya kuwa mbu, aliyejikunja kama mkato wa sentensi, hali chochote lakini anakimbia kivuli. Pupa wa kwanza akionekana, zoezi limekwisha siku hiyohiyo, kwani kwa joto la Dar kutoka yai hadi mbu ni wiki moja hadi siku kumi, na pupa amebakiza siku moja au mbili tu. Mimina kijiko cha mafuta ya kupikia juu ya maji, waone lava wakishindwa kupumua, kisha mwaga yote kwenye ardhi kavu yenye jua. Chupa isuguliwe kwa brashi. Mayai ya mbu wa dengue hugandishwa ukutani juu kidogo ya mstari wa maji, na yanavumilia ukavu miezi kadhaa. Anayemwaga maji bila kusugua amesitisha tu, hajamaliza, na hilo ni jambo ambalo mtoto anaweza kwenda kumwambia mama yake jioni.

Udongo wenyewe unapimwa kwa kopo la maziwa ya unga la gramu 400 lililotolewa kitako. Lisukumwe ardhini sentimita 3 kwa kuweka ubao juu na kugonga kwa jiwe; ukigonga kopo moja kwa moja linapinda. Zibeni nje kwa udongo mbichi ili maji yasipenye pembeni. Mimineni nusu lita, pimeni muda mpaka yaishe. Fanyeni hivyo sehemu tatu: njia ya kwenda vyooni, chini ya mti, na kwenye ukanda usiofagiwa. Kwenye udongo wa mfinyanzi tofauti ni kubwa, njiani maji yanaweza kusimama kipindi kizima. Kwenye mchanga mtupu, kama maeneo mengi ya Kigamboni, maji yanazama haraka popote, kwa hiyo huko linganisheni unyevu kesho yake badala ya muda. Maji yasiyoingia ardhini yanatoka na lango kwenda mtaroni, na shule iliyo karibu na bonde la Msimbazi, linalojulikana kwa mafuriko, haihitaji kuelezwa yanakoishia.

Mvua nayo ipimwe. Chombo chochote chenye mdomo wa mviringo kinafaa, mradi msipime kwa rula kwenye chupa yenye kitako kilichobonyea, kosa linalofanywa karibu kila mahali. Pimeni maji kwa bomba la sindano la mililita 20, lisilo na sindano yenyewe. Mdomo ukiwa na kipenyo cha sentimita 10, kila mililita 7.85 ni milimita moja ya mvua. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, na paa la mita 8 kwa 20 likipata milimita 10 limemwaga lita 1,600. Waacheni watoto wapige hesabu hiyo wenyewe, halafu waulize tangi la shule ni la lita ngapi.

Shule nyingine hazina hata hiyo mita 2 ya udongo, uwanja wote ni saruji. Bado zina jua. Simamisheni fimbo yenye mita 1 juu ya ardhi, iliyonyooka, kwenye ndoo ya zege, na mhakikishe wima wake kwa uzi uliofungwa jiwe. Fimbo ikiinama nyuzi 2 tu kivuli kinakosea sentimita 3 na nusu. Wekeni alama ya chokaa kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika 10 kuanzia saa 6 hadi saa 7 mchana. Kilicho kifupi kuliko vyote ndicho adhuhuri ya kweli, na Dar es Salaam haiangukii saa 6 kamili. Mwishoni mwa Juni kivuli hicho kina sentimita 58 na kinaelekea kusini. Mwishoni mwa Desemba kina 30 na kinaelekea kaskazini. Na mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 4 Machi na tarehe 10 Oktoba, kinatoweka kabisa: Machi ni saa 6 na dakika 35 hivi, Oktoba saa 6 na dakika 10. Mombasa tarehe hizo ni karibu 10 Machi na 3 Oktoba, Nairobi 17 Machi na 26 Septemba. Mtoto aliyesimama juu ya kivuli chake mwenyewe ana la kuuliza mwezi mzima. Onyo moja tu: asiangalie jua.

Kunguru msiwasahau kwa kuwa wamezoeleka. Hawa wa shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 na wakaenea bara, wanakula mayai na makinda ya ndege wengine. Watoto wahesabu kwa dakika 5 kunguru, tetere, shore na chozi wanaoonekana uwanjani, wiki hadi wiki. Mti wenye kiota cha kunguru mwenye makinda uepukwe, atawashambulia vichwani.

Kazi za kila wiki zishikwe na klabu ya mazingira ya wanafunzi, iwe ya Malihai au ya Roots & Shoots, ambayo mtafiti wa sokwe Jane Goodall aliianzisha na wanafunzi papa hapa Dar es Salaam mwaka 1991. Lakini vipindi viwe vya darasa zima na viingie kwenye andalio la somo, la sivyo kumi watajifunza na sabini watachungulia dirishani.

Kila kitu kiandikwe kwenye daftari moja gumu la kurasa 200, linalobaki shuleni: tarehe, hali ya hewa, mraba namba ngapi, kilichoonekana, idadi, mchoro. Michoro isisahihishwe kwa uzuri, isahihishwe kwa idadi ya miguu. Likizo ya Juni mlinzi apewe nakala ya maandishi ya ule ubao, kwa kuwa mafundi na vibarua wa usafi huja wakati shule imefungwa. Desemba, mwalimu anapohama au kubadilishiwa darasa, daftari likabidhiwe kwa maandishi pamoja na kamba, makopo na funguo za stoo, na ukurasa wa mwisho uonyeshe tarehe ambayo kumbikumbi wa kwanza walitoka, ili darasa la mwakani lijue lianze kuwatazamia lini.